Seti ya Mashoto Juu ya Paa la Mchafukoge

Siku ile juu ya paa tulikuwa hivi: mimi Mwajuma, mdogo wangu Rehema, aliyekuja kuokota mipira, Mangi Aloyce, bosi wangu, mwenye duka na mwenye wasiwasi, Mzee Kondo, aliyenifundisha kazi, Madamu Claire, Mkanada anayetumia mkono wa kushoto, rafiki yake Bwana Park wa Korea, na Bwana Masanja, mlinzi wa duka la vitambaa, aliyekuja na fimbo yake na hakutaka mtu mwingine aishike. Nawataja wote kwa sababu kila mmoja huisimulia siku ile kivyake, na Mangi akiisimulia huwa yuko peke yake.

Nyie mnaoanza kazi hii sasa mmezikuta fimbo za gofu zina heshima yake. Mteja yuko Nairobi au Dubai, anatumiwa picha kwenye simu, anauliza shafti, ule mti wa fimbo, anauliza mwaka, anataka aone uso wa fimbo kwa karibu. Sisi tulizikuta zikiwa vijazio. Kontena la Mangi kutoka Japani lilikuja na majokofu, baiskeli, cherehani na masufuria, na kila palipobaki uwazi wapakiaji walisokomeza fimbo za gofu ili mizigo isigongane njiani. Zikifika Kariakoo tunazimwaga chini kama kuni.

Mimi niliajiriwa kuosha vyombo vya kontena. Niliacha shule darasa la sita, mwaka ambao mama alimfuata baba kaburini, nikabaki na wadogo zangu, Rehema na Salum. Sikuwa natafuta fani. Nilitafuta mahali pa kuingia asubuhi na kutoka jioni nikiwa na cha kupikia.

Mangi aliuza fimbo kwa uzito. Aliipima mkononi kama mtu anayechagua nyundo. Nzito aliiweka mbele, nyepesi aliitupa kwenye pipa la nyongeza. Ukinunua jokofu au feni, unapewa na fimbo moja nyepesi ya kukushukuru. Wateja wake wakubwa wa zile nzito walikuwa walinzi. Sasa fikirieni: draiva za Kijapani, zile za kupigia mpira mbali, zenye shafti nyeusi ya kaboni, nyepesi kama ufito, zote zilikuwa pipani. Nimemwona kwa macho yangu Mzungu mmoja akinunua feni ili achague nyongeza, na kesho yake akarudi kununua feni nyingine. Mangi akasema joto la Masaki, wanakoishi wageni, mwaka huo limezidi.

Katika moja ya makontena hayo ya mwanzo ilikuja seti nzima iliyomshangaza. Ukiiweka fimbo chini na kuishika kama zile nyingine, uso wake unatazama nyuma. Mangi aliigeuza, akaizungusha, akaniita nishuhudie, akampigia wakala wake wa Japani kulalamika kwamba kiwanda kimekosea. Simu ikakatika. Mangi akatangaza kwamba hata Wajapani hukosea, na seti ile yote ikaenda kwenye nyongeza. Walinzi waliipenda kuliko zote. Walidai kichwa kinachotazama nyuma kinanasa vizuri mguu wa mtu anayekimbia.

Mzee Kondo alikuja baadaye. Ujana wake wote alikuwa kedi, yaani mbeba begi la mchezaji uwanjani, na alipozeeka akawa fundi wa fimbo nyumbani kwake Buguruni. Siku hiyo alikuwa anatafuta shafti, akanikuta nasugua fimbo za chuma kwa steelwire, nazing'arisha kama sufuria la harusi. Akanitoa ile steelwire mkononi taratibu.

"Binti, unamchubua mtu ngozi."

Akaeleza kwamba mistari ile midogo usoni ndiyo inayoukamata mpira na kuuzungusha, na nikiendelea kusugua nitabaki na kijiko. Tangu siku hiyo, kila baada ya sala ya adhuhuri alikuja akakaa juu ya kreti la soda lililopinduliwa, akanifundisha. Hakunidai chochote zaidi ya chai ya tangawizi, na chai yenyewe aliilalamikia kila siku.

Somo lake la kwanza lilikuwa la kijiko cha chai. Kila fimbo ya seti ina namba, na namba ndogo ndiyo inayopiga mbali zaidi; chukueni namba saba mbili, moja ya kufuliwa kwa nyundo na nyingine ya kumiminwa kwenye kalibu. Zining'inizeni kwa vidole viwili, mzigonge mgongoni kwa kijiko. Ya kumiminwa inasema ta, imemaliza. Ya kufuliwa inaimba kidogo halafu inajinyamazia. Wajapani wana mafundi waliorithi ufuaji tangu enzi za panga za vita, na chuma chao ni laini, hivyo mpira unapogusana nacho mkono hausikii kishindo. Bwana Park alipoanza kuja dukani alisema ni kama kukata sabuni ya mche kwa kisu. Sijasikia maelezo bora zaidi, na wateja wangu wa nje wote nimewapa hayo hayo, bila kumtaja yeye.

Lakini msidhani kila cha Japani ni cha namna hiyo. Wana fimbo nyingine za watu wazima wenye viuno vigumu: nyepesi, kichwa kinene, shafti laini. Na hapo wana ujanja mzuri. Saba yao uso umesimama kama sita ya wengine, kwa hiyo mpira unakwenda mbali, na mzee anarudi nyumbani kifua mbele akimwambia mkewe ujana umerudi. Kumbe iliyobadilika ni namba. Wageni wa umri mkubwa wanazipenda hizo kupita kiasi, na msije mkawaharibia furaha kwa kuwaeleza.

Kuna jambo la herufi pia. Shafti yenye herufi R, yaani ya ugumu wa kati, iliyotengenezwa kuuzwa Japani ni laini kuliko R iliyotengenezwa kuuzwa Marekani. Mimi nilimpa R ya Kijapani Mdachi mmoja mrefu kama nguzo ya umeme, mikono kama ya mpagazi wa gunia. Akarudi kusema mipira yote inakwenda kwa jirani. Mzee Kondo hakunigombeza, aliniuliza tu kama mteja alikuja na mikono au aliiacha nyumbani. Tangu hapo namtazama mtu viganja kabla ya kumtazama uso.

Na someni uso wa fimbo. Ukikuta alama imechakaa katikati, duara dogo kama sarafu, aliyekuwa nayo alijua kupiga na aliipenda; hiyo ichukueni. Ukikuta imechakaa kisiginoni na chini ina makovu, mwenyewe alikuwa analima. Kwa draiva, beba sumaku ya spika mbovu. Ikishika kwenye kichwa kilichoandikwa titani, rudisha kwa aliyekuuzia na umsalimie kwao.

Mzee Kondo ndiye aliyegundua siri ya seti inayotazama nyuma. Alizikuta mbili tu zimebaki dukani, akaishika moja, akaihamishia mkono wa pili, akacheka mpaka akatoa kofia. Akasema hizo ni za mashoto, na za kufuliwa, na kwamba huko Japani wanaocheza kwa kushoto ni wachache mno, kwa hiyo wanaozitengeneza hutengeneza chache. Mchezaji wa mashoto ng'ambo anaweza kuzitafuta umri wake wote. Mangi aliposikia alikwenda kusimama nje kidogo.

Sasa nije kwenye wiki yenyewe. Jumatatu nilimkuta Mangi anapima kona yangu kwa futi kamba. Blenda zilikuwa zinakuja, katoni kwa katoni, na kona ya fimbo ndiyo iliyokuwa hailipi pango. Nikamuuliza, na mimi je? Akaangalia pembeni, akasema blenda ameshampa mtoto wa dada yake. Mangi hakuwa mtu mbaya, hesabu zake ndizo zilikuwa mbaya. Lakini Salum alikuwa kidato cha pili, Rehema ndiyo kwanza kaanza kujifunza ushonaji, na chumba chetu cha Mtaa wa Sikukuu kilikuwa hakilipiwi na mtu mwingine. Nilirudi nyumbani nikapika, nikala nao, sikuwaambia.

Jumanne Bwana Park akaja na Madamu Claire. Huyu mama alikuwa amekaa nchini miaka mingi, Kiswahili chake cha kitabu, kimepigwa pasi. Alisema kwao Kanada watu wa mashoto kwenye gofu ni wengi, na kila mmoja ana ndoto ya fimbo za Kijapani za kufuliwa, na yeye hakuwahi hata kuzigusa mpaka nilipomshikisha zile mbili, akataka seti nzima. Akaongeza kwamba anaongoza kikundi cha wageni wanaocheza kila wikendi, na wote wangependa kujua mahali panapoaminika.

Mangi alikuwa nyuma ya majokofu. Neno kikundi lilimtoa.

"Mwajuma," aliniambia walipoondoka, "seti ya huyu mama ikikamilika Jumamosi, kona ni yako. Isipokamilika, inaingia blenda."

Ndipo nikaanza kuzunguka. Nne na tano zilikuwa zile mbili za dukani. Tisa haikuwa mbali, ndiyo tuliyokuwa tunavutia shata la duka kila jioni, hakuna aliyekuwa ameitazama. Ile ya mwisho, fupi ya kupigia karibu, ilikuwa kwa mama wa duka la tatu kutoka letu, anaangulia nayo magauni yaliyotundikwa juu. Nilimpa ya mkono wa kulia, akaijaribu kwenye gauni moja, akasema hii inaangua vizuri zaidi. Sita na nane zilikuwa kwa walinzi wa Mtaa wa Msimbazi, na wao nikawabadilishia. Mmoja alitaka nzito, mwingine alitaka yenye mpini mwekundu.

Ikabaki saba. Saba alikuwa nayo Bwana Masanja.

Masanja alikuwa mtu wa kutoka Magu, mrefu, mwenye koti zito alilolivaa hata jua la saa sita. Alilinda duka la vitambaa pale Mchafukoge. Mpini wa fimbo yake alikuwa ameuzungushia mpira wa ndani wa baiskeli, kazi safi kabisa, hata mimi nisingeizungusha hivyo. Nilimweleza shida yangu, nikamwonyesha fimbo tatu za kubadilishana.

"Dada, hii ndiyo kazi yangu," alisema. "Nikikupa, nitalinda na nini, salamu?"

Nikamweleza na habari ya blenda, na ya Salum, na ya Rehema. Sikuwa nimekusudia. Alisikiliza akiwa amekunja mikono juu ya kichwa cha fimbo. Mwisho akasema hatanipa, ila Jumamosi akitoka lindo atakuja nayo mwenyewe, huyo mama aijaribu mbele yake, kisha atajua.

Madamu Claire alikuwa amesema hanunui fimbo asiyoipiga, na Kariakoo hata pa kupiga chafya hapatoshi. Stoo ya Mangi ilikuwa ghorofa ya juu kabisa ya jengo moja Mchafukoge, na juu yake kuna paa bapa ambalo wapangaji wanaanikia nguo. Nikaenda Feri kwa shangazi yangu anayekaanga samaki, akaniazimia wavu kwa mume wake. Tukautundika kwenye kamba za nguo, mkunjo juu ya mkunjo. Fimbo nilizisafisha kama Mzee Kondo alivyonifundisha: maji ya uvuguvugu, sabuni kidogo, mswaki, kitambaa kikavu. Mipini mipya niliiingiza kwa petroli kidogo juu ya gundi ya karatasi ili iteleze, na mpangaji wa chini akapanda kuuliza kama tunachoma jengo.

Jumamosi asubuhi tukawa pale, wote niliowataja. Wavu ulinuka. Madamu Claire alisema kwao nyavu za mazoezi hazina harufu ya chakula cha mchana, na kwamba huu ni bora. Mangi alikuja na kopo la rangi ya fedha ya kupuliza, anataka azing'arishe kidogo, apulize tu juu juu. Mzee Kondo alimwomba alione, akalisoma lebo kwa makini, kisha akampa Rehema alishushe chini na akae nalo mpaka aitwe.

Bwana Park alianza kwa mkono wa kulia, kulinganisha. Alipiga saba ya kumiminwa, halafu saba ya Kijapani ya kufuliwa, akarudia, na kila mara alituambia tusikilize. Ya kwanza ilipiga kelele mpaka njiwa wakaruka kutoka kwenye tangi la maji. Ya pili ilitoa sauti fupi, nene, kama mlango mzuri unaofungwa. Hata Mangi alitikisa kichwa, ingawa baadaye aliniuliza tofauti ilikuwa wapi.

Zamu ya Madamu Claire ikafika. Alianza na tisa, ile ya shata. Akapiga, akatikisa kichwa polepole. Akachukua nane. Akachukua sita, akapiga mbili, ya pili ikapita kwenye tundu la wavu na kuangukia kwenye beseni la nguo za mtu. Kisha akanyoosha mkono nyuma bila kugeuka, akiomba saba.

Masanja alikuwa ameishika kwa mikono yote miwili, amesimama kama bado yuko lindoni. Mangi alianza kusogea, Mzee Kondo akamshika shati. Nilimwendea mimi. Nikakinga viganja tu. Akaitazama, akaniwekea.

Ilipofika mikononi mwangu niliigeuza nikaona uso wake, na pale katikati, chini ya vumbi, kulikuwa na ile alama ndogo ya duara. Mtu fulani Japani aliipenda saba hii kuliko zote.

Madamu Claire aliishika juu ya ule mpira wa baiskeli, akasogeza miguu, akapiga. Sauti ilikuwa ndogo sana. Wavu ulirudi nyuma wote, ukakaa, mpira ukadondoka chini yake wima. Yeye alibaki na mikono juu, hakuishusha.

"Aliyeifua hii hanijui," alisema mwishowe, "lakini ameniwaza."

Mangi alikuwa ameshaanza kubembeleza: Masanja sema unataka nini, rungu jipya, tochi ya kuchaji, blenda, kesho zinashuka, uchague rangi. Masanja hakumsikiliza. Alikuwa anamtazama Madamu Claire, na alipomwita madamu sauti yake ilikuwa ya mtu aliyetoka usingizini. Akamuuliza, kama wavu huu usingekuwepo, mpira ungefika wapi.

Madamu akatazama juu ya mapaa, akapima kwa macho, akanyoosha fimbo kuelekea jengo la bluu lililokuwa mbali, mtaa wa pili au wa tatu.

"Pale," alisema. "Unapanda, unakaa juu kidogo, halafu unashuka polepole."

Masanja aliliangalia lile jengo muda mrefu. Kisha akaomba fimbo yake, na moyo wangu ukashuka mpaka ghorofa ya chini, maana nilijua saba ikiondoka hakuna seti, na bila seti hakuna kona. Akaipakata, akaanza kufungua ule mpira wa baiskeli mzunguko kwa mzunguko, bila haraka, akaukunja, akautia kwenye mfuko wa koti. Fimbo iliyobaki uchi akaniletea mimi.

"Sikuuzii wewe, Mangi," alisema. "Namkopesha dada. Miaka yote nimekaa na kitu hiki getini, sijui kilitengenezwa kufanya nini. Atanilipa kwa kunipeleka nikauone mpira unakwenda mpaka usimame wenyewe."

Nikamjibu nitakupeleka, inshallah. Nilikuwa nalia, na Mzee Kondo akasema ni harufu ya wavu.

Seti iliondoka siku hiyo. Kona ilibaki, kikundi kikaja, kikaleta na wengine, na blenda zikapangwa juu ya majokofu mpaka zilipokwisha. Baada ya muda kona ikawa fremu nzima ya duka. Salum alimaliza shule, Rehema ana cherehani nne na ulimi mrefu. Mzee Kondo alituacha akiwa bado analalamikia chai. Mimi nimepumzika tangu mwaka juzi kwa sababu ya magoti na macho. Fremu anaiendesha Salum, nanyi mnamsumbua yeye kwa maswali ambayo mngeniuliza mimi, kwa hiyo nimeona niwaandikie moja kwa moja.

Masanja nilijaribu kumpeleka. Mwanzoni haikuwezekana, yeye analala mchana, mimi wikendi ndiyo wateja. Mara moja tukafanikiwa kutoka, yeye na koti lake, mimi na mtandio mpya, tukafika uwanjani. Mlinzi wa geti akawa mtu wa kwao Magu. Wakaanza na salamu za Kisukuma, na mnajua au hamjui, salamu hizo hazina haraka. Wakaulizana ng'ombe, wakaulizana mvua, wakaulizana nani kazaa na nani kafa. Mimi nimekaa kwenye jiwe. Walipomaliza, wachezaji walikuwa wanatoka na magari yao. Masanja akasema ilikuwa siku nzuri sana, ila ile hatuihesabu.

Kisha akaacha lindo, akahamia kwa binti yake Gongo la Mboto, na mguu mmoja ukaanza kumsumbua. Mimi nikawa na fremu, halafu nikawa na magoti. Na niwaambie jambo ambalo hata Salum halijui: fimbo zote hizo nilizoosha, nilizogonga kwa kijiko, nilizozivalisha mipini na kuzifunga kwenda nchi za watu, mpira nimeuona ukipigwa kwenye wavu tu. Uwanjani nimeishia getini kupeleka mizigo. Sijawahi kuuona ukitua.

Masanja hunipigia kila Idi, ingawa yeye ni wa kanisani. Hanisemi vibaya. Anauliza habari za watoto, anauliza magoti, halafu anauliza kama ule mpira umeshasimama. Wiki iliyopita alipiga bila Idi yoyote. Nikamwambia, kaka yangu, safari hii ni kweli, Salum ana gari, jiandae, Jumamosi nakupitia.

"Sawa, dada," akasema. "Jumamosi ipi?"